Likasi ilikuwa na Mwenda Jean Bosco, filamu yake iko wapi?

Vijana wa komini ya Panda wanaposema kwamba filamu za muziki ni mambo ya Kinshasa, huwa nawauliza: Mwenda Jean Bosco alikuwa mtu wa wapi? Alizaliwa Bunkeya, na mwaka 1952 alikuwa hapa mjini kwetu, wakati huo ukiitwa Jadotville, akipiga gita barabarani. Hapo ndipo Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alipomkuta na kumrekodi. Dole gumba linashika besi, kidole cha pili kinaimba juu yake. Anayesikia "Masanga" kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili.

Tracey alituachia sauti. Namna Mwenda alivyokaa na gita lake, alivyowatazama watu, alivyowafanya wasimame na mizigo yao kichwani, hayo santuri haiyaweki.

Johannesburg, mji wa migodi kama wetu, ilikuwa imeshamweka mwimbaji wake mbele ya kamera. Mwaka 1949 ilitoka "Jim Comes to Jo'burg": kijana wa kijijini anafika mjini, na Dolly Rathebe anaimba. Hadithi yenyewe ni nyembamba, lakini Dolly ndiye aliyeibeba. Wamarekani walilijua hilo tangu 1927, walipomtoa Al Jolson jukwaani wakamtia katika "The Jazz Singer" (mzungu anayejipaka masizi ili aonekane kama sisi, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine). Mbinu ni moja tu: unamchukua mtu ambaye watu tayari wanamlipia kiingilio, unamtungia kisa kidogo, kisha unamwacha aimbe.

Kwetu Kongo tulisubiri hadi 1987. Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, walitoa "La Vie est belle". Papa Wemba ndiye Kourou, mwanamuziki maskini anayetoka kijijini, anakuwa boyi katika nyumba ya tajiri, na wote wawili wanamtaka msichana mmoja, Kabibi. Wemba alianguka jukwaani Abidjan mwezi wa Aprili 2016 akafariki. Lakini hata mtoto aliyezaliwa baada ya hapo anaweza leo kumwona akiwa kijana, akicheka na kuwazungusha watu kwa macho yake.

Filamu hiyo inaongea Kifaransa na kuimba Kilingala. Na mwaka ule Mwenda alikuwa hai! Alikufa 1990 katika ajali ya barabarani huko Zambia. Kulikuwa na miaka mitatu ya kufanya kitu. Simlaumu Ngangura, yeye alifuata muziki uliokuwa unasikika duniani. Lawama ni ya Katanga, iliyokuwa inatoa shaba kwa tani na ikakosa franka za kumwekea mpigaji wake kamera moja. Wamarekani walimwalika Newport mwaka 1969, vijana wa Kenya walijifunza gita kwa kumwiga, na leo anayetaka rekodi za Tracey anazikuta Afrika Kusini, kule Makhanda.

Mtu atasema siku hizi kila mmoja ana simu na klipu zimejaa. Klipu ya dakika nne haimwonyeshi msanii akikosea, akibembeleza watu waliochoka, akigombana na mwenye baa kuhusu malipo. Huko ndiko kuna filamu.

Ndugu zangu wa Panda, kama mtaani kwenu bado kuna mzee anayepiga gita kwa vidole viwili, msingoje mtayarishaji atoke Ulaya. Mtungieni kisa, hata cha mtu aliyechelewa kulipwa mshahara wa mgodini, sisi sote tunakijua. Aongee Kiswahili chetu cha Likasi kama anavyokiongea nyumbani kwake. Na akianza kuimba, kamera isimkatize mpaka wimbo uishe.