Piga Hesabu ya Mvua Kabla Hujanunua Mtungi

Wasee, tuongee ukweli. Watu wa hali ya hewa wakisema Nairobi itapata milimita 20 za mvua, wengi wetu tunasikia tu "beba mwavuli." Usiku maji yanamwagika kutoka kwa mabati hadi asubuhi, halafu kukicha tunapanga foleni na mitungi tukimngoja mtu wa mkokoteni. Hiyo ni akili kweli?

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba, hiyo ni lita 1 ya maji. Basi. Pima urefu na upana wa nyumba, zidisha, halafu zidisha tena na milimita za mvua. Na upime chini, kwenye ardhi ambayo paa limefunika. Usifuate mteremko wa mabati, utajidanganya.

Tuseme ploti yenu ni mita 20 kwa 15. Hizo ni mita 300 za mraba. Mvua ya milimita 20 inawamwagia lita 6,000. Toa asilimia 20, maana mengine yataruka nje, na yale ya kwanza ni ya kuosha vumbi na mavi ya ndege. Mnabaki na lita 4,800. Hiyo ni mitungi 240 ya lita 20, kwa mvua moja! Mtungi ukiwa bob 20, mmeangalia 4,800 ikienda kwa mtaro.

Na maji hayo hayaishii hapo. Mtaro ukiziba, yanaingia kwa jirani wa chini. Mafuriko ya Aprili 2024 hatujayasahau. Sisemi matangi yangeyazuia yote, la. Lakini kila lita inayobaki kwa tangi haiko barabarani.

Ndio maana nasema gata na tangi zisiwe starehe ya wenye pesa. Ploti ya kukodisha bila gata iangaliwe kama ploti bila choo: haijakamilika. Kaunti ziangalie hilo kabla ya kupitisha ramani ya jengo.

Najua mtasema tangi ni bei. Ni kweli, na mpangaji mmoja hawezi. Lakini mwenye ploti anaweza, na wapangaji wakimwendea pamoja na hesabu mkononi, atasikiza kuliko mkienda na malalamiko matupu. Tena hakuna anayesema maji ya mvua yatatosha mwaka mzima. Januari kavu ikifika mtanunua tu. Ila ya kufua, kuosha nyumba na kumwaga chooni, kwa nini uyanunue msimu wa mvua? Ya kunywa, chemsha au utie dawa.

Kwa hivyo leo chukua futi kamba, zunguka nyumba, andika namba. Mvua ijayo ikitangazwa, utajua ni mitungi mingapi inakuja, na utamuuliza mwenye ploti: gata iko wapi?