Kompyuta Kuukuu: Diski Kwanza, Mpya Baadaye

Mfanyabiashara wa ufuta au korosho wa Ngarambe, Rufiji, hana sababu ya kutoa mtaji wa msimu kununua kompyuta mpya kwa kuwa tu ile ya zamani, yenye kioo na mtambo katika bodi moja, imekuwa nzito. Mara nyingi uzito uko kwenye diski. Hata iMac ya inchi 21.5 ya mwaka 2019, toleo la bei ya chini, iliuzwa na diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Diski ya SSD haizunguki. Ya aina ya SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, ya zamani kama 100 tu.

Tahadhari zipo. Kioo cha iMac nyembamba zilizoanza mwishoni mwa 2012 kimebandikwa kwa gundi, hivyo atafutwe fundi mzoefu. Gharama zikikaribia bei ya kompyuta nyingine iliyotumika, ni hasara. Muhimu zaidi, hesabu zote za wakulima na mizani zinakiliwe kabla bodi haijafunguliwa. Mali bila daftari huisha bila habari.