KIINGEREZA CHA KIDATO CHA NNE: SHAURI KWA WAZEE WA LODWAR NA KAKUMA

Juma hili twataka kusema na wale wenye kijana wa kidato cha tatu au cha nne nyumbani, hasa huko Lodwar na Kakuma, juu ya mtihani wa Kiingereza. Twasema nyumbani kwa makusudi. Wazee wengi hudhani ya kuwa Kiingereza ni kazi ya mwalimu peke yake, na ya kuwa mama asiyeijua lugha hiyo hana la kufanya ila kulipa karo na kungoja majibu. Sisi twaona sivyo, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza yafaa kuujua mtihani wenyewe. Una karatasi tatu, na jumla ya alama ni 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60: mtahiniwa huandika barua, ripoti au kitu cha namna hiyo, hujaza mapengo katika kifungu, kisha hujibu maswali ya matamshi na mazungumzo. (Ajabu yake ni kwamba matamshi hayo hupimwa kwa kalamu, wala hapana mtu anayemsikiliza mtoto akisema.) Ya pili ina alama 80, nayo ni ya ufahamu, dondoo la kitabu kilichoteuliwa, shairi au fasihi simulizi, na sarufi. Ya tatu ina alama 60, insha tatu za alama 20 kila moja: moja ya kubuni na mbili juu ya vitabu.

Sasa hesabuni. Dondoo lina alama 25, na insha mbili za vitabu zina alama 40. Basi alama 65, karibu theluthi moja ya mtihani wote, hutoka katika vitabu ambavyo mtoto alitajiwa majina yake miaka kabla ya siku yenyewe. Hapana sehemu nyingine ya mtihani huu ambayo watahini huitangaza mapema namna hii.

Hata hivyo wako vijana wanaoingia chumba cha mtihani hawajapata kukisoma kitabu tangu mwanzo hadi mwisho. Wamesoma mwongozo. Twajua sababu: nakala ni chache, bei ni kubwa, na mwongozo ni mwembamba tena una majibu tayari. Lakini dondoo humfichua mtu huyo upesi, maana swali lake la kwanza, mara nyingi, huuliza ni mambo gani yaliyotokea kabla tu ya maneno yale, au ni yapi yaliyofuata. Mwongozo husema kwamba fulani ni mchoyo. Hauwezi kumkumbusha mtoto ni nani aliyekuwa amesimama mlangoni.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Wakiwapo vijana watano na nakala moja, wakusanyike chini ya taa moja ya sola, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, sura moja kila jioni. Kisha kila mmoja akirudi nyumbani amhadithie mama yake, au babu yake, sura ile kwa Kiturkana, kwa Kiswahili, kwa Kisomali au kwa lugha yoyote ya nyumba hiyo. Naye msikilizaji asinyamaze. Aulize: Kwa nini alifanya hivyo? Nani alimwambia? Je, wewe ungalifanya nini? Maswali hayo hayahitaji neno hata moja la Kiingereza, na ndiyo hayo hayo anayouliza mtahini. Mtoto aliyeyajibu mbele ya bibi yake mwenye kupenda ubishi atayajibu na katika karatasi.

Mtu aweza kusema kwamba vitabu hivi ni vya nchi za mbali, na bibi hatavielewa. Na tuvitazame. Katika miaka iliyopita watahiniwa walisoma riwaya ya Henry ole Kulet, Blossoms of the Savannah, habari za wasichana wa Kimaasai. Hapo mfugaji hakuhitaji mkalimani. Pamoja nayo walisoma tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway, A Doll's House, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1879. Humo mke anayeitwa Nora aliiga sahihi ya baba yake ili apate mkopo wa kumponya mumewe, na kwa miaka mingi alimficha mume jambo hilo. Mhadithieni habari hiyo mwanamke yeyote sokoni Lodwar, mtaona atakavyokuwa na la kusema! Tena miongoni mwa vitabu vya kuchagua vya miaka hii ya karibu kimo An Artist of the Floating World cha Kazuo Ishiguro. Ni habari za mzee mchoraji wa Japani baada ya vita, ambaye posa ya binti yake imevunjika mara moja, naye anahofia kwamba watu wa posa ya pili watachunguza mambo aliyoyatenda zamani. Mzee wa Kiturkana aliyeketi katika mashauri ya mahari ataelewa hofu hiyo upesi kuliko mtu wa mjini.

Katika sarufi kila lugha ina mtego wake. Kiturkana husema "ngesi" kwa mwanamume na kwa mwanamke, kama vile Kiswahili kisemavyo "yeye". Ndiyo sababu kijana mwenye akili aweza kuandika "he" mstari huu na "she" mstari ujao juu ya mtu yule yule. Dawa yake ni kuisoma insha tena kwa ajili ya neno hilo moja tu. Kiturkana pia hakina sauti ya "sh", basi "ship" na "sip" zataka mazoezi ya kinywa. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina watoto wa mataifa mengi darasani. Aliyesoma kwa Kiarabu huweza kuchanganya "p" na "b". Aliyetoka Kongo au Burundi na Kifaransa chake atadhani "actually" maana yake ni "sasa hivi", kumbe ni "kwa kweli".

Juu ya insha ya kubuni tuna neno moja. Acheni zile insha za kukariri, zenye kuanza na asubuhi njema, jua zuri na ndege waimbao. Jua la Lodwar halijapata kusifiwa na mtu anayelitembea saa saba mchana! Andikeni juu ya mto Tarach, ambao ni mchanga mtupu miezi mingi, kisha siku moja huja na maji na kuwatenga watu na nyumba zao. Andikeni juu ya foleni ya maji, au juu ya nyumba ya Lodwar alimozuiliwa Jomo Kenyatta kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Mtahini amechoka kusoma asubuhi njema.

Alama hizi zina uzito. Mlango wa kawaida wa digrii ni wastani wa C+, na atakaye kusomea sheria hutakiwa pia apate B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Huko Kakuma wako vijana waliokwenda kusoma vyuo vikuu vya Kanada kwa njia ya World University Service of Canada, na bila Kiingereza kizuri hapana aingiaye njia hiyo. Tena wakati umepungua. Darasa la mwisho la mtihani huu ni la mwaka 2027, wale waliofanya KCPE mwaka 2023, nao hawana kidato nyuma yao cha kurudia.

Karatasi ya tatu hupewa saa mbili na nusu kwa insha tatu. Jumamosi hii mwekeeni kijana saa mezani, dakika 50 kwa kila insha, na zikiisha mnyang'anyeni kalamu hata kama analalamika. Juma lijalo tutaeleza habari za mashairi.