Kipima umbali cha leza: Usinunue namba iliyo kwenye boksi

TANGU mwaka 2020, serikali ya Tanzania ilipotoa kanuni za kuuza nyamapori kwenye mabucha, risasi ya mwindaji si habari ya watalii na wenye vitalu peke yao. Inamgusa mwenye bucha anayesubiri mzoga safi, kijana anayebeba nyama kutoka porini, na mkulima ambaye shamba lake limepakana na pori la akiba.

Wakati huohuo, kifaa ambacho zamani kilionekana mikononi mwa wanajeshi na watalii wachache sasa kinaagizwa kwa simu na kufika kwa basi. Ni kipima umbali cha leza. Mwindaji anakielekeza kwa mnyama, anabonyeza kitufe, na mita zinaonekana ndani ya lenzi. Wanaokinunua ni wawindaji bingwa, makampuni ya utalii na watu wenye leseni. Wanaowaletea, mara nyingi, ni wafanyabiashara wadogo ambao hawajawahi kuwinda.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Boksi limeandikwa mita 1,000, mteja analipa, kisha porini kifaa kinashindwa kusoma nyati aliye umbali wa mita 350. Mteja anarudi na hasira, muuzaji hana jibu. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na namna ya kuchagua kifaa kitakachofanya kazi.

Hasara ya kukisia

Ni vema kwanza kujua kwa nini umbali una thamani ya fedha. Risasi haiendi moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Inaanguka, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyoanguka kwa kasi zaidi.

Chukua bunduki inayojulikana sana, ya .30-06, yenye risasi ya uzito wa greni 180. Ikirekebishwa ipige sawasawa kwenye mita 200, itakuwa chini ya shabaha kwa takriban sentimita 25 kwenye mita 300. Kwenye mita 350 itakuwa chini kwa sentimita 45 hivi, na kwenye mita 400 kwa karibu sentimita 70.

Maana yake ni kwamba mwindaji aliyekisia mita 300, kumbe mnyama yuko mita 350, atapiga chini kwa sentimita 20 kuliko alivyokusudia. Eneo la moyo na mapafu la swala pala halizidi sana upana wa sahani ya chakula. Kwa kosa hilo risasi itavunja mguu, au itapita chini ya kifua. Akikosea kwa upande mwingine, mnyama anaweza kukimbia na jeraha la mgongo.

Nani analipa? Kwanza ni mwindaji mwenyewe. Katika uwindaji wa kitalii Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa hulipiwa ada kama aliyeuawa, hata kama hakupatikana. Pili ni mwenye bucha, kwa sababu risasi iliyopita tumboni huchafua nyama kwa uchafu wa utumbo, na mnyama aliyefuatiliwa kwa saa kadhaa juani hufika akiwa ameanza kuharibika.

Tatu ni mkulima. Nyati aliyejeruhiwa ni miongoni mwa wanyama hatari kuliko wote, na hatambui mpaka wa kitalu. Anaweza kujificha kwenye kichaka kilicho njiani kwenda kisimani au shambani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka aliyemjeruhi mnyama hatari amfuatilie na atoe taarifa. Lakini taarifa haimrudishi mtu aliyeumizwa. Kinga bora ni risasi ya kwanza kupiga mahali pake.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kifaa hiki hutuma mwale mfupi wa leza usioonekana kwa macho. Mwale hugonga kitu, sehemu ndogo ya mwanga hurudi, na kifaa huhesabu muda uliotumika. Mwanga hukimbia takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Kwenda mita 300 na kurudi huchukua sehemu mbili tu kati ya milioni moja za sekunde.

Kwa hiyo kifaa hakipimi kitu chochote usichoweza kukipata mwanga ukarudi. Huo ndio ufunguo wa kuelewa namba zilizo kwenye boksi.

Mita 1,000 zinazotangazwa kwa kawaida hupimwa kwa kitu kinachorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani kinachong'aa. Mti hurudisha mwanga kidogo. Ngozi ya mnyama, yenye manyoya na vumbi, hurudisha kidogo zaidi, na nyati mweusi aliyetoka kugaagaa kwenye tope ni mgumu kuliko wote. Ndiyo maana watengenezaji waaminifu huandika namba tatu: kitu kinachong'aa, mti, na mnyama. Namba ya mnyama huwa ndogo sana kuliko ile kubwa.

Jua la saa sita nalo hupunguza uwezo, kwa sababu kifaa hutafuta mwanga wake mdogo katikati ya mwanga mwingi wa jua. Vumbi, ukungu na moshi wa mioto ya kiangazi hupunguza zaidi. Muuzaji akikuonyesha kifaa jioni, kwa kulenga bati la nyumba ya jirani, hajakuonyesha chochote.

Majani yanayodanganya

Jambo la pili ni kutawanyika kwa mwale. Leza si uzi. Kifaa ambacho mwale wake hupanuka sentimita 20 kila mita 100 kitakuwa na doa la sentimita 60 kwenye mita 300. Kifua cha swala pala, kuanzia mgongoni hadi chini, hakifiki nusu mita. Sehemu ya mwanga itamkosa mnyama na kugonga kichuguu kilicho nyuma yake, au itaishia kwenye majani marefu yaliyo mbele.

Vifaa vizuri humruhusu mtumiaji kuchagua: kisome kitu cha karibu, au kisome cha mbali. Kwenye nyasi ndefu, mwindaji anahitaji cha mbali, ili majani yasihesabiwe kuwa ndiye mnyama.

Hapa wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Vifaa vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa wachezaji wa gofu. Hivyo vimepangwa kusoma kitu cha karibu, yaani kijiti cha bendera, na kupuuza miti iliyo nyuma. Uwanjani ni sawa kabisa. Porini, kijiti hicho ni jani.

Aina nyingine ni vipimio vya mafundi ujenzi, vyenye doa jekundu. Vingi huishia kati ya mita 40 na 100, na nje kwenye jua doa lenyewe halionekani. Ni vizuri kupimia chumba, lakini si vya kuwindia.

Yadi si mita

Mtego wa tatu ni mdogo kwa macho lakini umewagharimu watu. Vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hufika vikiwa vimewekwa kwenye yadi. Yadi 400 ni mita 366. Mwindaji akizisoma kama mita, amekosea kwa mita 34 huku akiamini kwamba amepima. Hilo ni kosa kubwa karibu sawa na la kukisia, tena ameligharamia.

Kabla ya kumkabidhi mteja, muuzaji abadilishe kifaa kisome mita na amwonyeshe alama ya M ndani ya lenzi. Kwa mwenye jedwali la risasi lililoandikwa kwa yadi, abaki na yadi kote. Kinachoua ni kuchanganya.

Kwa wanaowinda milimani, kipengele cha pembe ni muhimu. Ukiwa juu ya kilima na mnyama yuko chini kwa pembe ya nyuzi 30, kifaa cha kawaida kitasoma mita 300. Lakini umbali wa kuanguka kwa risasi ni ule wa mlalo, yaani mita 260 hivi. Kifaa chenye kipimo cha pembe hutoa hesabu hiyo chenyewe. Kwenye tambarare, usilipie zaidi kwa ajili yake.

Betri, maji na bei

Vifaa vingi hutumia betri ndogo ya CR2 ya volti 3. Haipatikani kwenye duka la kijijini, na kifaa kisicho na betri ni sawa na jiwe. Mfanyabiashara makini atauza kifaa pamoja na betri mbili za akiba, na faida yake iko hapo pia.

Angalia alama ya kuzuia maji. IPX4 maana yake ni kustahimili matone na manyunyu. IPX7 maana yake ni kustahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa anayevuka mito, tofauti hiyo si ndogo. Angalia pia kwamba leza ni ya Daraja la 1, ambalo halidhuru macho katika matumizi ya kawaida. Kifaa kisicho na alama hiyo kiache.

Kuhusu bei, vifaa vya chini ya dola 100 za Marekani vingi ni vya gofu au vya kuigiza. Kati ya dola 200 na 500 kuna vifaa vinavyofaa kazi ya kawaida, vikiwemo vya Vortex, Leupold na Bushnell. Darubini zenye kipimio ndani yake, kama za Leica na Swarovski, hupita dola 1,000, na nyingine hupita 3,000. Makampuni ya vitalu huzinunua kwa sababu mwindaji bingwa hushinda na darubini shingoni kutwa nzima. Mwindaji wa mara moja kwa mwaka hana sababu ya kufika huko.

Majina makubwa huigizwa. Linganisha namba ya kifaa na ya boksi, na uliza dhamana inatolewa wapi. Dhamana inayokutaka urudishe kifaa Ulaya au Marekani kwa gharama yako inafaa kuhesabiwa kama nusu ya dhamana. Anayeagiza kwa wingi ajue kwamba forodha huviweka vipima umbali kwenye fungu la 9015.10. Aulize ushuru mapema kwa wakala, badala ya kushangaa bandarini.

Jaribu kwa ng'ombe

Hakuna haja ya maabara. Mkulima anacho kipimo bora kuliko duka lolote, nacho ni ng'ombe wake.

Pima mita 100 na 200 kwa utepe wa wapima ardhi, uweke alama. Kifaa kisome umbali huo mara kumi. Kikitofautiana kwa zaidi ya mita moja au mbili, hakifai. Kisha subiri saa sita mchana. Mlenge ng'ombe mweusi ubavuni kwenye mita 200, kisha 300, kisha 400. Umbali ambao kifaa kinakubali kusoma mara nane kati ya kumi ndio uwezo wake halisi. Uandike kwenye karatasi na uibandike kwenye boksi, juu ya ile namba kubwa.

Mwisho, mlenge ng'ombe huyohuyo akiwa nyuma ya majani, ukiwa umeegemeza mkono kwenye fimbo. Bila kuegemea, mkono unaotetemeka hulenga kila kitu isipokuwa mnyama.

Muuzaji atakayefanya jaribio hili mbele ya mteja hatapata kesi. Na akiulizwa kama kifaa kinafaa kupimia mipaka ya viwanja, aseme hapana. Kosa la mita moja kila upande wa ekari ya mraba ni zaidi ya mita za mraba 120, na kwa kiasi hicho majirani hufikishana mahakamani.

Kifaa si ruhusa

Wapo wanaoamini kwamba ukishajua umbali, unaweza kupiga mbali upendavyo. Si kweli. Risasi ya mfano wetu huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita 400. Mnyama anayetembea atakuwa amesogea nusu mita au zaidi. Upepo wa wastani kutoka ubavuni utaisukuma risasi zaidi ya sentimita 30. Kifaa hakipimi kati ya hayo mawili.

Kwenye mapori ya miombo mwindaji haoni mbali, na nyati huwindwa kwa kumkaribia, mara nyingi chini ya mita 100. Kipimio kinasaidia zaidi kwenye mbuga wazi, kwa wanyama kama kongoni na swala granti. Hata huko, matumizi yake bora ni kumwambia mwindaji kwamba mnyama yuko mbali mno, asogee au aache.

Vijiji vilivyo kwenye Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kama Enduimet kule Longido au Ipole kule Sikonge, vina sababu ya kulitazama jambo hili. Vinapoingia mkataba na mwekezaji wa uwindaji, viulize wazi: mteja wenu anaruhusiwa kupiga kutoka mita ngapi, na mnyama akijeruhiwa kijiji kitaarifiwa baada ya muda gani? Ni swali lisilogharimu shilingi, na linalinda shamba, nyama na mapato kwa pamoja.

Kwa mfanyabiashara, ushauri ni mfupi. Uza kifaa kwa namba ya mnyama, si kwa namba ya kibao kinachong'aa. Utauza vichache mwezi wa kwanza, lakini vilivyouzwa havitarudi.