Mto Bado ni Mwekundu, Lakini Tope Ni Lipi?

Kila linapozungumzwa bwawa la High Grand Falls, linalopendekezwa kwenye Mto Tana, hoja huishia kwenye umeme na umwagiliaji, na wanaotetea delta ya Tana hujibiwa kwamba mabwawa ya juu, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988 yakiwemo, hayakuusafisha mto: ukisimama Garsen, kule chini, maji bado ni mekundu kwa tope. Jibu hilo linapotosha. Mtafiti Steven Bouillon na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2009, waliufuata mto kutoka milimani hadi delta wakaona kwamba mabwawa hunasa mashapo mengi, kisha mto hujipatia mengine kwa kumega kingo zake na kuzoa tope lililolala siku nyingi. Rangi inarudi, ila mzigo umebadilika. Nao mzigo huo una kaboni ya mimea iliyooza, mboji inayorutubisha mashamba ya Wapokomo maji ya mafuriko yanapopungua, na malisho ya Waorma wakati wa kiangazi.

Ndiyo maana swali la kuuliza ni tope limetoka wapi, wala si wingi wake peke yake. Maabara inaweza kulijibu kwa sehemu kubwa. Miti huacha uwiano wa kaboni nzito kwa nyepesi ulio karibu na -27 kwa elfu ukilinganishwa na kiwango cha rejea, ilhali nyasi za mbuga na mahindi huacha karibu -12. Mwenye shaka atasema, kwa haki kabisa, kwamba mkoko wa Kipini, mto unapoingia baharini, na mti wa msitu wa milimani ina alama zinazokaribiana. Kweli, kipimo kimoja hakitoshi. Kwa hiyo huongezwa uwiano wa kaboni na naitrojeni, na umri wa kaboni yenyewe, unaotenganisha jani la jana na udongo wa kale wa kingo.

Wapo watakaolalamikia gharama na ucheleweshaji. Lakini bwawa likishajengwa halibomolewi kwa sababu delta imechakaa, na sampuli za maji na tope ni kitu kidogo mbele ya zege. Tathmini ya athari kwa mazingira ilazimishwe kupima chanzo cha kaboni pale Garsen na Kipini, kiangazi na katika misimu yote miwili ya mvua, kwani mafuriko machache ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mashapo ya mwaka. Matokeo yake yasomwe hadharani Garsen, kwa wakulima na wafugaji, kabla ya leseni yoyote kutolewa.