Cheti kwa Mkenya, Kuvu kwa Mtoto Wetu

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu, tulipiga kelele nchi nzima. Hujuma! Wivu! Siku chache baadaye mpaka ukafunguliwa kwa sharti: mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Tukatulia. Mkenya kapata cheti chake. Uji wa mtoto wa wilaya ya Momba kaupima nani?

Ingia chumba cha kupanga mjini Tunduma wakati wa mvua. Kitanda kimoja, jiko la mkaa, na upande wa kichwani magunia matatu ya mahindi yamekaa juu ya sakafu tupu inayotoa jasho, mgongo ukutani. Chaga hakuna. Fungua gunia la chini: punje zimeshikana, zimeota manyoya ya kijani, na vumbi lake linakukaba koo. Mtoto analala hapo usiku kucha.

Vumbi hilo huchokoza pumu. Kwa aliyewahi kuugua TB ni balaa zaidi: kuvu huweza kuingia kwenye tundu lililoachwa na ugonjwa ndani ya pafu, ikakua bonge. Mtu anakohoa damu, makohozi yakipimwa TB haionekani, mtaani wanasema karogwa.

Hiyo ni kuvu ya kuvuta. Sumu yake ukiila inakwenda kwenye ini, na ini ndilo linalotengeneza vigandisha damu. Likifeli, macho yanageuka manjano, tumbo linajaa maji, damu inavuja bila kukoma. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, sumukuvu iliua watu wapatao 20. Kosa lao kula ugali.

Na msiniambie "tunachemsha". Moto wa sufuria hauiwezi sumu hii. Wala msiniambie mahindi mabovu yanachambuliwa. Tunajua yanakoishia: kwenye pombe ya komoni, na kwenye chakula cha kuku ambao tutawala wenyewe.

Ushuru wa mazao halmashauri zinaujua vizuri, geti halilali. Basi sehemu ya fedha hiyo inunue maturubai ya kuanikia na kipima unyevu kwa kila kijiji, mkulima ajue unyevu wa mahindi umeshuka hadi asilimia 13.5 kabla hajafunga gunia. Leo gunia la kuuza linachomwa kipimo. La kula, mama anatia punje mdomoni, anaiuma, anasikiliza kama imelia.