Masika ya Mwambao wa Ziwa: Tuujue Utabiri na Saa Zake

Mwezi wa Machi ndio mlango wa masika katika mwambao wa Ziwa Victoria. Karibu na tarehe 21 jua huwa juu ya Ikweta, na mstari huo hulikata ziwa kusini kidogo ya Entebbe. Ndipo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na mvua huendelea hadi Mei.

Kabla ya msimu, wataalamu hutoa utabiri wa miezi hiyo mitatu, wakiigawa mvua katika mafungu matatu: juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Tuseme redio imetangaza kwamba uwezekano wa mvua za juu ya kawaida ni asilimia 45. Hiyo si ahadi ya gharika, kwani asilimia 55 zimebaki kwa mafungu mengine mawili. Tena utabiri huo hautaji siku wala saa. Apandaye maharagwe na autumie. Avukaye ziwa hana budi kutafuta habari za siku yenyewe.

Sababu ni hii. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo hutoka pande zote za ufuko ukaelekea ziwani, ukakutana huko na kupandisha mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani huvuma usiku na alfajiri, saa zile wavuvi wamo kazini. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani, na radi nyingi hupiga nchi kavu alasiri. Husemwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu ya usiku hayaonekani ila umeme unapomulika, na wakati huo huenda mashua iko mbali na gati.

Basi askari aendaye likizo visiwani Ssese pamoja na jamaa zake asikubali kuvuka usiku ili kuokoa siku moja. Asikilize kwanza utabiri wa ziwa, unaoeleza upepo, mawimbi na radi, na kila mtoto avae jaketi la kujiokolea kabla ya mashua kung'oa nanga.

Nyumbani, watoto wafundishwe kuhesabu. Umeme ukimulika na ngurumo ikasikika kabla ya kufika 30, radi iko karibu kilomita 10 au chini yake: waingie ndani, wala wasijibanze chini ya mti. Wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Baba akiwa lindoni, mama azibue mitaro, amwage maji yaliyotuama makoponi, na achemshe maji ya kunywa.

Wakaao ufukoni wakumbuke pia kwamba ziwa hukusanya mvua za miezi mingi. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakaipita kidogo alama ya mwaka 1964, na nyumba nyingi za ufukoni ziliingiliwa na maji. Kwa hiyo mvua ya Machi ikikatika kwa juma moja, tusijenge wala tusihamishie vyombo karibu zaidi na maji. Hesabu ya ziwa hufungwa Mei.